Wakili Aliyeketi Kimya: Habari za Maisha ya M. K. Gandhi

Bwana Mhariri aliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya gazeti letu la muhula huu, nadhani alitazamia mfalme, au jemadari, au mtu aliyevumbua mashine. Wenzangu walionitangulia katika kurasa hizi wameandika juu ya watu wa namna hiyo, na wameandika vizuri. Mimi nimemchagua mtu mwoga. Naomba msomaji asicheke mpaka afike mwisho, maana sababu ninayo, nayo yanihusu mimi mwenyewe.

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, niliteuliwa kutoa neno la shukrani Siku ya Wazazi. Neno lenyewe halikuzidi mistari kumi, nami nililijua kwa moyo kama ninavyolijua jina langu. Niliposimama mbele ya watu nikamwona baba ameketi safu ya tatu, amevaa koti lake la sikukuu, na maneno yote yakanitoka. Nikasimama pale nikikiangalia kipaza sauti kama mtu aliyeona nyoka. Mwisho mwalimu mmoja akanishika bega, akanirudisha kitini, na ngoma ikapigwa. Baba hakuniambia neno. Alinipa mkono na fedha za sabuni, akaenda kupanda basi.

Tangu siku ile usingizi ukanikimbia. Taa za bweni zikizimwa, mimi huanza kuyahesabu mambo yatakayonishinda kesho: swali la hesabu ubaoni, zamu ya kusoma kwa sauti, mtihani wa majaribio, kisha mtihani wenyewe wa taifa. Jambo moja likipita, lingine hushika zamu. Kila niliyemweleza habari hii aliniambia nisiogope, kana kwamba woga ni kofia ambayo mtu huivua mlangoni. Mwalimu wetu wa historia peke yake hakusema hivyo. Alinipeleka maktaba, akachomoa kitabu alichokiandika Gandhi juu ya maisha yake mwenyewe katika miaka ya 1920, akaniagiza nizisome sura za mwanzo kisha nimrudie. Nilitazamia kumkuta yule mzee wa kwenye picha, mwenye miwani, fimbo na shuka nyeupe, aliyeitikisa dola ya Waingereza. Badala yake nikamkuta mvulana anayekimbia.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba, 1869, huko Porbandar, mji wa pwani ya magharibi ya Bara Hindi, unaopakana na bahari hii hii yetu. Baba yake alikuwa waziri wa mtawala wa mji ule, na baadaye akahamia Rajkot kwa kazi kama hiyo. Nyumba ilikuwa ya heshima, na mama alikuwa mcha Mungu sana. Lakini mtoto alikuwa mwoga kupita kiasi. Kengele ya shule ikilia jioni alikuwa akikimbia mpaka nyumbani, asije mtu akamsemesha njiani. Aliogopa wezi, aliogopa nyoka, aliogopa mizimu, wala hakuweza kulala chumba kisicho na taa. Yaya wake, aliyeitwa Rambha, alimfundisha kulitaja jina la Mungu kila hofu inapomjia. Akaozwa akiwa na umri wa miaka 13, kwa desturi ya kwao, na mkewe Kasturbai hakuliogopa giza hata kidogo. Bwana harusi aliona haya kumwambia kwamba yeye analiogopa.

Siku moja mkaguzi wa shule aliwapa wanafunzi maneno matano ya Kiingereza wayaandike. Gandhi alikosea moja, lile lenye maana ya birika. Mwalimu wa darasa akamgusa kwa ncha ya kiatu kumwashiria achungulie kwa jirani yake, naye hakutambua kabisa kwamba mwalimu anamtaka aibe. Darasa zima wakapata yote matano, isipokuwa yeye. Nimeitaja habari hii kwa kuwa imenifurahisha tu, wala haina kazi kubwa katika maelezo yangu.

Tarehe 4 Septemba, 1888, hali hajatimiza miaka 19, alipanda meli kwenda Uingereza kusomea sheria. Kabla ya kuondoka alimwekea mama yake nadhiri kwamba hatagusa nyama, wala pombe, wala mwanamke. Melini aliona haya kuingia chumba cha kulia. Hakujua kushika uma na kisu, wala hakuthubutu kuuliza ni chakula gani hakina nyama. Basi akawa anakula chumbani mwake matunda na vitamu alivyofungiwa nyumbani. Aliposhuka pwani ya Uingereza alikuwa amevaa suti ya kitambaa cheupe, aliyoitunza safari nzima kwa siku hiyo, akakuta hakuna mwingine aliyevaa nyeupe. Mizigo yake ilikwisha kabidhiwa kwa wakala, na kesho yake ni Jumapili, kwa hiyo ikambidi aivumilie ile nyeupe yake mpaka mizigo ifike.

Njaa nayo ikamwuma. Nyumba alizopanga walimpikia mboga zisizo na chumvi wala ladha, naye aliona haya kuomba mkate wa tatu. Hapa ndipo nilipoanza kusoma kwa makini, kwa sababu hapa kijana huyu alifanya jambo ambalo sikulitazamia kwake. Hakungoja mpaka ajisikie jasiri. Aliuchukua mji wa London kama mtu anavyochukua swali la jiografia: kila siku akatembea kwa miguu maili kumi au kumi na mbili akitafuta mkahawa wa watu wasiokula nyama, akishiba mkate tu njiani, mpaka siku moja akaukuta mtaa wa Farringdon. Akaingia, akala, akashiba kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile.

Baada ya hapo alipotea kidogo. Akataka awe bwana wa Kiingereza. Akanunua kofia ndefu ya shilingi 19, akajifunza kucheza dansi, akanunua fidla, akamlipa mwalimu wa kumfundisha kusema kwa madaha. Miezi mitatu hivi ikapita, akaona fedha za kaka yake zinaisha na yeye hajawa bwana wa Kiingereza. Akaacha yote. Akaanza kuandika kila senti aliyoitumia, hata ya stempu na ya gazeti, na kila usiku kabla ya kulala anaijumlisha. Kisha akajiuliza ni gharama ipi inayoweza kukatwa. Nauli ya basi ikakatwa, akawa anakwenda kwa miguu. Vyumba viwili vikawa kimoja, chenye jiko dogo. Asubuhi akapika uji mwenyewe na kakao. Mwisho akawa anaishi kwa shilingi moja na peni tatu kwa siku. Alikuja kusema baadaye kwamba mazoea yale ya kuandika hesabu ndiyo yaliyomwezesha kushika fedha za umma bila kuingia deni.

Mwalimu wa historia aliniuliza ni kitu gani kilichokuwa kinapungua kila usiku katika daftari lile. Nikajibu, gharama. Akasema nisome tena. Nilisoma tena, na nadhani kilichokuwa kinapungua ni ule wasiwasi usio na jina. Mtu anayesema tu kwamba fedha zitaisha ana hofu ya mchana na usiku. Lakini mwenye daftari anajua kuwa zitaisha mwezi fulani, na kwamba akienda kwa miguu zitafika mwezi unaofuata. Jambo ni lile lile, ila sasa lina pembe za kulishikia.

Wanafunzi wenzangu wa kidato cha nne wataipenda habari inayofuata. Katika miaka hiyo hiyo ya London Gandhi alijiandikisha kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ambao haukuwa lazima kwa uwakili, na ndani yake kulikuwa na Kilatini, lugha asiyoijua. Mara ya kwanza akashindwa Kilatini. Akasikitika, lakini akapanga upya saa zake, akabadili somo moja la sayansi, akarudi kujaribu mara ya pili, akafaulu.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba ulimi wake ulifunguka. Aliingia katika kamati ya chama cha wasiokula nyama, na mikutanoni alikaa kimya kama kiti. Siku aliyokuwa na neno la lazima la kumtetea mjumbe mmoja, aliliandika kwenye karatasi, akashindwa kulisoma, mtu mwingine akamsomea. Alipokaribia kurudi kwao aliwaalika rafiki zake kwa chakula cha kuagana katika mkahawa mkubwa, akatayarisha hotuba fupi ya kuchekesha, akasimama, akasema sentensi moja, na ya pili haikuja. Akawashukuru kwa kufika, akaketi. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikacheka peke yangu maktabani hata mtunza vitabu akanitazama. Nilifikiri ni mimi tu niliyewahi kupatwa na mambo hayo.

Tarehe 10 Juni, 1891, alipewa uwakili, na siku mbili baadaye akapanda meli. Alipofika nyumbani akaambiwa kwamba mama yake amekwisha fariki. Ndugu zake walimficha habari ile ili asihuzunike ugenini. Akaenda Bombay kujaribu kazi. Mama mmoja akampa kesi ndogo, katika mahakama ya madai madogo madogo, kwa ujira wa rupia 30. Wakili Gandhi akasimama amhoji shahidi. Moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu, kichwa kikamzunguka, mahakama yote ikamzunguka, na swali hata moja halikumjia. Akaketi. Akamwambia aliyemletea kesi kwamba hawezi, amchukue wakili mwingine na fedha zake arudishiwe. Wakili yule mwingine alilipwa rupia 51, na kazi yenyewe kwake ilikuwa mchezo. Gandhi akatoka mbio bila kujua kama yule mama alishinda au alishindwa, wala hakukanyaga tena mahakamani mpaka alipofika Afrika Kusini.

Hebu tufikiri alikuwa na hali gani. Familia ilikwisha tumia fedha nyingi kumsomesha ng'ambo, na wote walikuwa wakingoja matunda. Aliona tangazo la kazi ya kufundisha Kiingereza saa moja kwa siku, rupia 75 kwa mwezi, akaomba kwa furaha. Akakataliwa kwa kuwa hakuwa na digrii. Katika siku hizo hizo alipata jambo moja dogo la kumfariji. Mwislamu mmoja maskini wa Porbandar, aliyenyang'anywa shamba, alimwomba amwandikie maombi kwa serikali. Aliyaandika bila malipo, ila gharama ya kuchapa, akawasomea rafiki zake, nao wakayasifu. Basi akajua kwamba kalamu anaiweza, hata kama ulimi bado. Akarudi Rajkot, akafungua ofisi ya kuandika barua za maombi, akapata kiasi cha rupia 300 kwa mwezi. Haikuwa sifa kubwa kwa mtu aliyetoka London, ila ilikuwa kazi aliyoiweza.

Ndipo ikaja safari iliyompitisha kwetu. Kampuni ya Dada Abdulla, wafanya biashara Waislamu wa Porbandar wenye maduka Afrika Kusini, ilikuwa na kesi kubwa ya madai. Walihitaji mtu wa kuwasaidia mawakili wao kwa mwaka mmoja, nauli ya daraja la kwanza kwenda na kurudi, na pauni 105. Akakubali, akang'oa nanga mwezi wa Aprili, 1893. Nahodha wa meli alipenda kucheza sataranji lakini hakuijua sana, akamtafuta mtu asiyeijua kabisa, akampata Gandhi. Naye kila siku akashindwa na kila siku akarudi kucheza.

Baada ya siku 13 meli ikatia nanga Lamu. Gandhi akashuka kutazama mji, akaenda mpaka posta akaongea na makarani Wahindi waliokuwapo. Nahodha alikuwa amemwonya kwamba bandari ile ni ya hila na awahi kurudi. Aliporudi, mashua ilikuwa imejaa mno na mkondo ulikuwa mkali hata haikuweza kushikamana na ngazi ya meli. Honi ya kuondoka ikalia. Rafiki mmoja akakodi mashua nyingine kwa rupia kumi, ikamchukua kutoka ile iliyojaa. Ngazi ilikwisha vutwa, akapandishwa kwa kamba, na papo hapo meli ikaondoka. Abiria wengine wa mashua ile waliachwa. Mara nyingi nawaza ingekuwaje kama kamba ile isingefika.

Meli ikapita Mombasa, ikafika Unguja, na hapo ikambidi angoje siku kama nane au kumi apate meli nyingine. Siku moja akaenda mahakamani Unguja kuangalia kazi inavyofanywa. Wakili mmoja wa Kiparsi alikuwa akimhoji shahidi juu ya mambo yaliyoandikwa katika daftari za biashara, mali iliyoingia na mali iliyotoka, na Gandhi hakuelewa hata kidogo. Utunzaji wa hesabu za biashara hakuusoma shuleni wala Uingereza. Na kesi aliyokuwa akiiendea ilikuwa ya hesabu tupu! Nimejaribu kumwona pale Unguja, kijana wa miaka 23, amevaa kilemba na koti, ameketi nyuma ya mahakama, jasho linamtoka, na meli ya kumrudisha nyumbani haikuwa mbali.

Hakurudi. Alipofika Durban mwishoni mwa Mei na kuziona karatasi za kesi, alikuta vifupisho ambavyo havimo katika kamusi. Akamwuliza karani, karani akamweleza kuwa kimoja kati ya hivyo ni hati ya ahadi ya kulipa deni. Akanunua kitabu cha utunzaji wa hesabu, akakisoma mwenyewe, na kwa maneno yake kikampa matumaini kiasi. Nataka msomaji aangalie jambo hili, maana kwangu ndilo kiini cha maisha yake yote ingawa si wengi hulitaja. Hofu ya Unguja ilikuwa kubwa kama bahari. Dawa yake ilikuwa kitabu kimoja cha dukani na swali moja kwa karani. Hakuambiwa na mtu kwamba yeye ni hodari. Aliona mwenyewe kwamba jambo asilolijua Jumatatu analijua Jumamosi, na kwamba aliyelitatua ni yeye.

Akatumwa Pretoria kwa gari la moshi, na tiketi ya daraja la kwanza mkononi. Wakala alitaka amkatie pia tiketi ya kitanda, shilingi tano, akakataa kwa kubana matumizi. Usiku wa tarehe 7 Juni, 1893, katika stesheni ya Pietermaritzburg, abiria mmoja mzungu akamtazama, akaona si mwenzake kwa rangi, akaita wakubwa wa reli. Wakamwamuru aende behewa la mizigo, akakataa, askari akamshika mkono, akamsukuma nje, na gari likaondoka. Akaingia chumba cha kungojea. Huko Maritzburg kuna baridi kali wakati wa kipupwe. Koti lake zito lilikuwamo katika mizigo iliyochukuliwa na watu wa reli, naye hakuthubutu kwenda kuliomba asije akatukanwa tena. Chumbani hapakuwa na taa.

Yule aliyeshindwa kulala bila taa alikaa gizani akitetemeka mpaka asubuhi. Hakulala, akawaza. Akayapanga mambo yaliyo mbele yake: kupigania haki yake, au kurudi India, au kuendelea na safari na kusahau. Akaona kukimbia kabla ya kuimaliza kazi aliyoahidi kungekuwa uoga. Kwanza amalize kazi, na ubaguzi wa rangi, ambao aliouona usiku ule ulikuwa dalili tu ya ugonjwa wake, apambane nao kadiri atakavyoweza. Asubuhi akapeleka simu ndefu kwa meneja mkuu wa reli na nyingine kwa Dada Abdulla. Jioni akapewa nafasi katika gari lililofuata, na safari hii akainunua ile tiketi ya kitanda aliyoikataa Durban. Napenda sana jambo hili dogo. Mtu aliyekesha kwa uchungu namna ile, na bado anakumbuka kusahihisha kosa la shilingi tano.

Mbele yake kulikuwa na mengine. Kutoka Charlestown kulikuwa na gari la farasi, na msimamizi wake alimpiga makofi kwa kuwa alikataa kuketi chini miguuni pake. Gandhi akang'ang'ania vyuma vya gari, hakuachia, mpaka abiria wazungu wakamwonea huruma na kumtetea. Johannesburg aliambiwa kwamba mtu wa rangi yake hauziwi tiketi ya daraja la kwanza. Akatuma kwanza barua kwa stesheni masta kueleza kuwa yeye ni wakili na atakuja mwenyewe, ili asipate nafasi ya kumjibu hapana kwa barua. Kisha akaenda amevaa koti refu na tai. Akapata tiketi. Tazameni hesabu yake ilivyo: kila stesheni inampa swali jipya, na kila jibu linafungua jingine.

Pretoria, mnamo wiki zake za kwanza, aliwaita Wahindi wote wa mji katika nyumba ya mfanya biashara mmoja, akasimama akahutubia juu ya ukweli katika biashara, usafi, na kuunda chama. Ilikuwa hotuba ya kwanza ya maisha yake iliyofika mwisho. Kwa nini hapo aliweza na London hakuweza? Kitabu hakisemi wazi. Mimi nadhani London alisimama ili awafurahishe watu, na Pretoria alisimama kwa sababu kulikuwa na kazi ya kufanywa na yeye ana la kusema. Baada ya hotuba akajitolea kuwafundisha Kiingereza wanaotaka. Wakajitokeza watatu: kinyozi, karani na mwenye duka dogo. Akawafuata kwao kuwafundisha, na wawili kati yao wakafika mahali pa kuweza kuzidisha kipato chao.

Kesi yenyewe ilihusu pauni 40,000. Alizisoma karatasi zote mpaka akazijua kuliko wakubwa wake, akaona kwamba haki iko upande wa Dada Abdulla, na akaona pia kwamba mawakili watakula mali ya wote wawili, nao ni ndugu wa mji mmoja. Akazunguka kwa huyu na kwa huyu mpaka wakakubali msuluhishi. Msuluhishi akampa ushindi Dada Abdulla, pauni 37,000 pamoja na gharama. Tyeb Sheth, aliyeshindwa, asingeweza kuzilipa kwa mkupuo bila kufilisika, na kwa watu wale kufilisika ilikuwa aibu mbaya kuliko kifo. Gandhi akafanya kazi ngumu kuliko ya kwanza: akamwomba aliyeshinda akubali kulipwa kwa mafungu, muda mrefu. Akakubali. Wakili aliyeketi kimya Bombay alikuwa amemaliza kesi ya pauni elfu arobaini, na adui wawili wakarudi kuwa ndugu.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita haraka. Alikusudia kurudi kwao mwaka 1894, akabaki kupinga sheria ya kuwanyima Wahindi wa Natal kura, na akabaki Afrika Kusini mpaka 1914. Huko ndiko alikoanzisha, tangu 1906, upinzani usiotumia silaha. India alitembea kwa miguu siku 24 mwaka 1930 mpaka pwani ya Dandi kuokota chumvi iliyokatazwa, na nchi yake ikapata uhuru tarehe 15 Agosti, 1947. Tarehe 30 Januari, 1948, akapigwa risasi huko New Delhi akienda kusali. Alikuwa na umri wa miaka 78.

Mwalimu alinionya nisimwandike kama malaika. Katika miaka yake ya kwanza Afrika Kusini aliandika juu yetu sisi Waafrika kwa dharau, na maneno hayo yamebaki katika maandishi yake. Kwa ajili hiyo sanamu yake iliyowekwa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2016 iliondolewa mwaka 2018. Nilipoyasoma nilikasirika, nikakiacha kitabu siku tatu. Halafu nikakirudia, kwa kuwa yule kijana wa mahakama ya Unguja nilikuwa namhitaji, hata kama sikubaliani naye katika yote. Na kwa habari ya haya yake, yeye mwenyewe alikiri kwamba hazikumwisha kabisa. Zilimfundisha kusema machache.

Sasa turudi kwangu kidogo. Mahafali yetu ya kidato cha nne yamekaribia, nami nimepewa kuisoma risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi. Sikuomba, wala sikukataa. Usiku ule sikulala, lakini badala ya kuyahesabu matatizo kichwani niliwasha tochi chini ya shuka nikayaandika daftarini. Yalikuwa manne tu. La kwanza, kipaza sauti; nikamwomba anayekitunza anionyeshe kinavyowashwa na umbali wa kusimama. La pili, maneno kunitoka. Nimeiandika risala kwa herufi kubwa katika kadi ngumu, nami hushika mstari kwa kidole. La tatu, macho ya watu. Nimewasomea wadogo watano wa kidato cha kwanza, kisha bweni letu lote baada ya chakula cha usiku, nao wakapiga kelele mno. Sentensi ya kwanza bado hunitetemesha sauti, ya pili kidogo, ya tatu hapana.

La nne lilikuwa baba. Amenipelekea habari kwamba atakuja. Nimemwomba aketi safu ya tatu.